Ukiomba na Usisikie Kitu: Njia ya Kurudi Karibu na Mungu Baada ya Ukavu wa Kiroho

Kuna hali ambayo wapendwa wengi wanaipitia na wachache wanaisema. Unafungua Biblia, macho yanapita juu ya maneno, ukifika mwisho wa sura hukumbuki hata mstari mmoja. Unapiga magoti, unasema "Baba yetu uliye mbinguni," na hapo hapo akili imeshakwenda kwenye shughuli za kesho. Kanisani unaimba, mikono umeinua, na ndani pamekauka kama chungu kilichosahauliwa juani. Zamani ukilisikia jina la Yesu machozi yalikulengalenga. Siku hizi unalisikia kama jina la mtu mliyesoma naye zamani.

Niliishi hivyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, na sehemu kubwa ya mwaka huo mimi ndiye niliyekuwa naongoza maombi ya kikundi chetu. Maneno yote nilikuwa nayo. Nilijua wapi pa kupandisha sauti na wapi pa kunyamaza; watu walisema Amina, nami nilirudi nyumbani nikiwa sina cha kumwambia Mungu. Kila niliyemdokeza alinipa ushauri ule ule: ongeza. Ongeza mfungo, ongeza mikesha, ongeza sura za kusoma. Niliongeza, na nikakauka zaidi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba ukavu una chanzo zaidi ya kimoja, na kinachomponya mmoja kinaweza kummaliza mwingine. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia pale nilipopaswa kuanzia mimi: kuupima ukavu kabla ya kuutibu.

Hatua ya kwanza: jua ukavu wako umetoka wapi

Tenga jioni moja, daftari na kalamu. Juu ya ukurasa andika swali hili: mara ya mwisho nilipojisikia karibu na Mungu ilikuwa lini? Usitafute jibu la kiroho. Tafuta mwezi, mahali, tukio. Chini yake orodhesha yaliyotokea baada ya hapo: kuhama, msiba, kazi mpya, mtoto, ugomvi, ugonjwa, uhusiano, cheo kanisani. Usiharakishe. Chanzo hujitokeza chenyewe kwenye orodha, na mara nyingi sicho kile ulichokuwa ukijilaumia.

Sasa linganisha orodha yako na watu hawa wa Biblia.

Eliya alikuwa amechoka. Ametoka kuona moto ukishuka Karmeli, Yezebeli akamtishia, akakimbia mpaka jangwani, akaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Soma 1 Wafalme 19 polepole uone Mungu alimfanyia nini kwanza. Hakumkemea. Alimwacha alale. Malaika akamgusa akamwambia, "Inuka, ule". Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamwambia tena ale. Swali la "Unafanya nini hapa, Eliya?" lilikuja baadaye sana, baada ya mwendo wa siku arobaini mpaka Horebu. Mtu wa namna hii ukimwambia afunge siku tatu unamwongezea mzigo uliokwisha kumwangusha.

Daudi alikuwa anaficha. Katika Zaburi 32 anasimulia alivyokuwa kabla ya kuungama: "Niliponyamaza mifupa yangu imechakaa," na tena, "Jasho langu likakauka hata nikawa kama nchi kavu wakati wa kaskazi." Anayejua jua la kaskazi hahitaji maelezo. Ukavu wa aina hii hauponi kwa kulala wala kwa likizo, kwa sababu kuna jambo linasubiri kusemwa.

Wale wawili wa njia ya Emau walikuwa wamevunjika moyo. Sikiliza kauli yao katika Luka 24: "Nasi tulikuwa tukitumaini." Tulikuwa. Walimtegemea Mungu afanye jambo fulani, hakulifanya, basi wakaanza kuondoka Yerusalemu wakiwa na huzuni nyusoni. Watu wengi waliokauka wako kwenye barabara hiyo na hawajui. Hawajamkana Mungu, ila wameacha kumtazamia. Mimi nilikuwa huko. Kuna mtu niliyemwombea kwa miezi mingi apone, na alifariki. Nilisema "mapenzi ya Mungu yatimizwe" kwenye msiba, nikaendelea na huduma, na sikumwambia Mungu hata siku moja kilichokuwa moyoni.

Martha naye alikuwa na shughuli nyingi, na zote zilikuwa kwa ajili ya Bwana aliyekuwa ameketi nyumbani mwake. Hili liwaguse hasa wachungaji, wanakwaya, walimu wa watoto na wote wanaoandaa ibada za wengine. Unaweza kushika vitu vya Mungu siku nzima na usimguse Mungu mwenyewe.

Halafu ipo aina ya mwisho, ambayo orodha yako haiwezi kuieleza. Umelala vya kutosha, huna dhambi unayoifuga, huna kinyongo, ratiba yako si mbaya, na bado hakuna kitu. Yohane wa Msalaba, padre Mhispania aliyeishi 1542 hadi 1591, aliijua hali hii vizuri. Watawa wenzake walimfunga gerezani Toledo kwa karibu miezi tisa, kuanzia Desemba 1577, na humo ndani alitunga mashairi. Alifundisha dalili tatu za kutofautisha ukavu huu na uvuguvugu wa kawaida. Ya kwanza: huoni utamu katika mambo ya Mungu, na huoni utamu katika kitu kingine chochote pia. Ya pili: hali hiyo inakuumiza, una wasiwasi kwamba humtumikii Mungu inavyopasa. Ya tatu: huwezi tena kutafakari kwa namna ile uliyozoea, hata ukijilazimisha. Mtu aliyepoa kweli hana dalili ya pili. Amepoa na yuko sawa tu. Kwa hiyo ikiwa unasoma haya kwa uchungu, uchungu huo wenyewe unaonyesha kwamba kitu fulani ndani yako bado kiko hai.

Jambo moja la tahadhari kabla hatujaendelea. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi huna raha na kitu chochote, usingizi umeharibika, hamu ya kula imepotea au imezidi, na unajiona huna thamani, nenda kwa daktari. Huenda ni sonona, na sonona ni ugonjwa unaotibika. Na ikiwa mawazo ya kufa yanakujia kama yalivyomjia Eliya, usikae nayo peke yako. Mwambie mtu leo, na asikuache mpaka umefika hospitalini. Charles Spurgeon, mhubiri aliyejaza maelfu ya watu kanisani London katika karne ya 19, aliugua huzuni nzito kwa miaka mingi na alilisema hadharani.

Hatua ya pili: mwambie Mungu ukweli kabla ya kumpa sifa

Tumefundishwa kuanza maombi kwa sifa, na ni mafundisho mema. Lakini sifa zinazotoka juu ya moyo uliojaa malalamiko yasiyosemwa hugeuka kuwa ukuta kati yako na unayemwomba. Zaburi zinaruhusu njia nyingine. Zaburi 13 haina utangulizi wowote: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Zaburi 88 ni kali zaidi, inalia tangu aya ya kwanza na inaishia gizani, bila hata mstari wa kufariji mwishoni. Watu wa Mungu waliihifadhi, wakaiimba, wakaiacha ibaki ndani ya Maandiko Matakatifu. Hiyo ni ruhusa yako.

Fanya hivi. Jifungie mahali usipoweza kusikika. Sema kwa sauti, maana mawazo ya kichwani hujipamba yenyewe na sauti haijui kujipamba hivyo. Anza na sentensi fupi: "Bwana, nimechoka na wewe." "Bwana, sikuamini tena kama zamani." "Bwana, ulikuwa wapi siku ile?" Ukikosa maneno, soma Zaburi 13 ukiweka jambo lako mahali pa adui za Daudi.

Yangu niliisema alfajiri moja nikiwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, taa haijawashwa. Nilisema, "Nimekukasirikia." Nikanyamaza, nikashtuka kidogo kwa kuisikia sauti yangu. Nikarudia, nikataja jina la yule aliyefariki, nikataja usiku tuliokesha kumwombea. Hakuna moto ulioshuka. Sikusikia sauti, wala joto kifuani. Ila nilipoinuka nilijua kwamba hayo ndiyo yalikuwa maombi yangu ya kwanza ya kweli baada ya miezi mingi, na kwamba niliyemwambia hakuwa ameondoka chumbani.

Hatua ya tatu: ikiwa ni dhambi, iite kwa jina lake

Hapa tofautisha sauti mbili. Roho Mtakatifu akikuonya hutaja kitu: ile fedha, yale mazungumzo ya siri, ule uongo, yule ndugu usiyemsalimia. Na akikitaja anakuonyesha na pa kutokea. Mshitaki, yaani Shetani, hataji kitu. Anakupaka matope mwili mzima na kukuambia wewe ni mtu wa hovyo tangu zamani. Kama unachohisi ni ukungu wa hatia usio na umbo, usikae kuutafutia dhambi ya kuulisha. Rudi hatua ya kwanza.

Kama kitu kimetajwa, kiungame bila kukizunguka. "Nilikosea kidogo" sio ungamo. "Nilimdanganya mke wangu kuhusu fedha" ni ungamo. Kisha shika ahadi ya 1 Yohana 1:9, "Tukiziungama dhambi zetu, Yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee dhambi zetu, na kutusafisha na udhalimu wote," na usiiungame tena dhambi ile ile kila asubuhi kana kwamba mara ya kwanza hakusikia. Palipo na cha kurudisha, rudisha; Zakayo hakuishia kwenye machozi. Na iwapo ni jambo lililokufunga muda mrefu, usiliungame peke yako. Mkatoliki au Mwanglikana ana padre wake, mwingine ana mchungaji au ndugu mwaminifu wa kutembea naye nuruni. Yakobo 5:16 inasema, "Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa." Nimeona watu waliohangaika miaka na dhambi moja wakifunguliwa siku walipoitamka mbele ya sikio la binadamu mwenzao. Chagua sikio lisilo na mdomo mrefu.

Hatua ya nne: upe mwili haki yake

Hii ni fupi lakini usiiruke. Kwa wiki mbili lala mapema. Kula kwa wakati. Tembea kwa miguu kila siku, hata nusu saa. Punguza jukumu moja la kanisani, na usione aibu kusema kwa nini, kanisa litaendelea. Siku moja katika juma isiwe na kazi. Amri ya sabato iko katika zile amri kumi pamoja na "usiue", ila hii tunajisifu kuivunja.

Hatua ya tano: dakika kumi na tano, saa ile ile, mahali pale pale

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Usianze na saa nzima. Mtu aliyekauka akijiwekea saa nzima atashindwa siku ya tatu, atajichukia siku ya nne, na siku ya tano ataacha. Dakika kumi na tano zinatosha kwa mwezi wa kwanza. Chagua saa ambayo mwili wako uko macho. Kama wewe si mtu wa alfajiri, usijilazimishe kwa sababu tu wengine wanashuhudia maombi ya saa kumi usiku. Chagua kiti kimoja. Simu ikae chumba kingine, na kama Biblia yako iko ndani ya simu, tafuta ya karatasi kwa kipindi hiki.

Keti. Kaa kimya dakika mbili. Akili itatangatanga kama mbuzi aliyekata kamba. Usimpige, mrudishe tu. Sema, "Bwana, nipo." Usiseme zaidi.

Kisha soma aya mbili au tatu, basi. Tuchukue Zaburi 63, ambayo kichwa chake kinasema ni ya Daudi alipokuwa nyika ya Yuda: "Ee Mungu, Mungu wangu, nitakutafuta mapema, nafsi yangu inakuonea kiu, mwili wangu wakuonea shauku, katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji." Soma kwa sauti mara ya kwanza ili uisikie. Soma mara ya pili polepole, na usimame pale neno linapokukwaruza. Pengine ni "nchi kame". Pengine ni "Mungu wangu". Lishike hilo moja, mengine yaache yaende. Lirudie chini chini, kama mtu anayetafuna. Baada ya hapo lirudishe kwa Mungu likiwa ombi. Langu siku moja lilikuwa hivi: "Bwana, huyu yuko kwenye nchi isiyo na maji na bado anakuita wangu. Mimi leo sijui kama naweza kukuita hivyo. Hata kiu yenyewe naihisi kwa shida. Basi nipe kiu kwanza, maji yatafuata."

Utaona kwamba Neno limetangulia na ombi limefuata. Mpangilio huu una uzito kuliko unavyoonekana. George Müller, Mjerumani aliyelea maelfu ya yatima mjini Bristol, Uingereza, aliandika mwaka 1841 kwamba kwa miaka mingi alikuwa akiamka na kuanza kuomba moja kwa moja, na mara nyingi alipoteza robo saa, nusu saa au zaidi akipambana na akili inayozurura kabla hajaanza kuomba kweli. Alipobadilisha, akawa anaanza kwa kusoma na kutafakari Neno, maombi yakawa yanatoka yenyewe humo ndani. Moyo mkavu hauna maneno yake. Uazime ya Maandiko.

Mwisho, andika mstari mmoja kwenye daftari. Mmoja tu, na uwe wa kweli. Ukurasa wangu wa kwanza unasomeka hivi:

Siku ya 1: Hakuna kitu.
Siku ya 2: Hakuna kitu. Nimesinzia.
Siku ya 5: Nimekasirika, nimeacha kabla ya wakati.
Siku ya 9: Neno "mapema" limenikaa kichwani mpaka mchana.
Siku ya 10: Hakuna kitu.

Muda ukiisha, inuka. Usiongeze dakika kwa sababu leo umejisikia vizuri, na usipunguze kwa sababu umejisikia vibaya. Unafundisha moyo kwamba kukutana na Mungu hakutegemei hali ya hewa ya ndani. Na siku utakayokosa, usilipe deni kesho yake. Kesho ni dakika kumi na tano zile zile.

Siku ambazo hata kusoma hakuwezekani, keti tu kwenye kiti chako. Warumi 8:26 inasema Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Kukaa kimya mbele za Mungu ukiwa huna neno ni maombi, na Yeye anayajua.

Hatua ya sita: usihame wakati wa giza

Ignatius wa Loyola alikuwa askari. Mzinga ulimvunja mguu Pamplona mwaka 1521, na kitandani alipokuwa akiuguza jeraha alianza kuchunguza mienendo ya moyo wake. Kanuni yake moja nimeishika kuliko zote: wakati wa ukiwa wa kiroho, usibadilishe uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Usiache kanisa, usivunje uchumba, usijiuzulu huduma kwa hasira, usitangaze kwamba umeacha imani. Pumzika, ndiyo, punguza, ndiyo. Lakini maamuzi makubwa yasubiri mpaka kuwe na mwanga wa kuyaona.

Watawa wa jangwa la Misri waliligundua hili mapema zaidi. Evagrius, aliyeishi nao katika karne ya 4, alieleza jinsi uchovu wa roho unavyomjia mtawa adhuhuri: jua linaonekana kama halisogei, anachungulia dirishani kila mara kuona kama saa tisa, saa ya kula, imekaribia, anaanza kuchukia mahali alipo na kudhani angemwona Mungu vizuri zaidi kwingine. Dawa ya wazee wa jangwani ilikuwa moja: baki chumbani mwako. Wengi wetu leo dirisha letu ni simu, na kwingine kwetu ni mkutano unaofuata, nabii anayefuata, kongamano linalofuata. Baki kwenye kiti chako. Na yeyote anayekuomba fedha ili akurudishie moto au upako, ondoka kwake; Petro alimjibu Simoni wa Samaria kuhusu biashara hiyo katika Matendo 8, na jibu halijabadilika.

Hatua ya saba: mtafute mtu mmoja

Kundi zima halihitajiki, mmoja anatosha. Mtu mzima katika imani, asiyeshtuka haraka, asiyekurushia mistari kabla hujamaliza sentensi. Mwambie hivi: "Nimekauka. Sitaki mahubiri. Naomba uniulize kila juma naendeleaje, na uniombee." Ukipata mtu wa hivyo mshike.

Na ibadani nenda, hata ukiwa mkavu. Tomaso alikosa siku Yesu alipowatokea wenzake, akasema hataamini mpaka atie kidole. Yohana 20 inasema baada ya siku nane alikuwa ndani pamoja nao. Alikuwa haamini, na alikuja. Yesu alimkuta pale pale, katikati ya wanaoamini. Siku ambazo huwezi kuimba, acha wenzako waimbe kwa niaba yako. Usijisumbue kuinua mikono isiyotaka kuinuka. Kwenye Meza ya Bwana pokea kama mgonjwa anavyopokea chakula, bila kujiuliza kama una hamu.

Hatua ya nane: fukua kisima cha zamani

Kwa kanisa la Efeso, lenye kazi nyingi na upendo uliopoa, Bwana alitoa maagizo matatu katika Ufunuo 2:5: "kumbuka ni wapi ulikoanguka, ukatubu, ukayafanye matendo ya kwanza." Matendo, tazama. Hakusema wazihisi hisia za kwanza. Mwanzo 26 inasimulia Isaka alivyovirudia visima vya Abrahamu baba yake. Wafilisti walikuwa wamevijaza kifusi. Akavichimba upya, akaviita majina yale yale aliyoyaita babaye.

Wewe mwanzoni ulikuwa ukifanya nini? Ulikuwa ukitembea huku ukizungumza na Mungu? Ukiandika barua za maombi? Ukiwatembelea wagonjwa? Ukiimba peke yako wakati wa kufua? Chagua tendo moja la wakati ule, lirudishe mara moja kwa juma. Mimi langu lilikuwa kumtembelea mgonjwa bila kutangaza. Niliogopa sana kulirudia, kwa sababu ya yule niliyempoteza. Nilikaa kando ya kitanda cha mzee mmoja, sikuhubiri, nilimsomea zaburi moja. Alishika mkono wangu akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Mara ya pili niliposoma, nilikuwa nasoma na mimi.

Hatua ya tisa: jua namna maji yanavyorudi

Usisubiri mafuriko. Kwa wengi hurudi kama unyevu. Utajikuta unasema "asante Bwana" kabla hujafikiri. Mstari uliousoma asubuhi utakurudia mchana katikati ya kazi. Utamkasirikia mtu na hasira itaisha mapema kuliko ilivyozoea. Jina la yule uliyemkwepa kwenye maombi utalitaja bila kukaza taya. Wale wa Emau nao walitambua baadaye tu: "Je! Mioyo yetu haikuwaka ndani yetu hapo alipokuwa akisema nasi njiani?" Walitembea naye njia nzima bila kumjua. Ndiyo maana daftari ni muhimu. Yapo mambo utakayoyaona kwa kugeuka nyuma.

Na kama hayarudi upesi? Nisikudanganye. Barua za Mama Teresa wa Kalkuta zilizotolewa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba aliishi katika giza la ndani kwa karibu miaka 50, tangu mwanzo wa kazi yake kati ya maskini. Aliamka kila asubuhi, akaomba, akaenda kwao. Hakuna aliyeweza kusema Mungu hakuwa naye, isipokuwa pengine yeye mwenyewe usiku. Wengi hawaitwi kupitia njia ndefu hivyo. Lakini ikiwa mwezi umepita, miezi mitatu imepita, na bado unaandika "hakuna kitu", hujashindwa zoezi. Rudia hatua ya kwanza na yule mtu wako mmoja, mpitie orodha pamoja, muone kama kuna kilichorukwa. Kisha urudi kwenye kiti.

Kesho uanze na Zaburi 13. Ina aya sita tu. Nne za kwanza ni malalamiko na maombi, na mwandishi hakuambiwa anyamaze. Aya ya tano na ya sita, kama bado huwezi kuzisema kwa moyo, zisome tu kwa sauti, kisha uandike mstari wako wa siku ya kwanza.